Jinsi ya Kufyeka Bonde la Kilombero Bila Kushika Panga

Mkulima wa Ifakara akitaka kuiona ardhi yake tupu hana njia ya mkato. Atafyeka matete, atachoma, atang'oa visiki, na mgongo utamsumbua mwezi mzima. Mtaalamu wa ramani hana shida hiyo. Anakodi ndege, anafunga mtambo wa leza tumboni mwake, anapita juu ya bonde asubuhi kadhaa, na baada ya muda anakuletea Kilombero isiyo na mti, nyumba, mpunga wala mtu. Kitu hicho huitwa modeli ya mwinuko wa ardhi tupu. Wanaopanga matuta ya kuzuia mafuriko, skimu za umwagiliaji na barabara wanakihitaji sana. Mwongozo huu ni wa kijana wa ramani za kompyuta (GIS) aliyekabidhiwa kazi hiyo na kuambiwa ripoti inatakiwa Ijumaa.

Jambo la kwanza, jiulize kama kuna haja ya kuhangaika. Ramani ya bure ipo. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia siku 11 kikiipima kwa rada, na matokeo yake, yanayojulikana kwa jina la SRTM, unaweza kuyapakua kwa bando la wiki. Urefu umeandikwa kwa mita nzima nzima, na kosa lake linaweza kufika mita kadhaa. Penye msitu mnene rada ilisoma karibu na vilele vya miti na kuviita ardhi, kwa hiyo msitu wa Magombera, ulio kwenye tambarare, unajitokeza kama kilima. Kule Udzungwa hilo halina neno. Kilele cha Luhombero kina mita 2,576, mita tano zikipungua hakuna atakayezitafuta. Bondeni ni habari nyingine: maji yakipanda mita moja watu wanabeba magodoro. Lakini wewe usijali. Paka rangi ya bluu pale SRTM inaposema ni chini, andika "maeneo hatarishi", na mto Lumemo ukiingia mjini Ifakara kwa upande ambao hukuupaka, sema ni mabadiliko ya tabianchi. Hakuna atakayebisha.

Kama mfadhili ameshalipia leza, basi hakuna jinsi, tuendelee.

Chagua msimu. Mwongozo wa kawaida utakushauri urushe ndege mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba, maji yakiwa yamerudi mtoni, mpunga umevunwa na mitiki imepukutisha majani. Ushauri mzuri, ila bajeti huwa haiujui. Pesa hutoka lini? Baada ya vibali, na kibali cha kuruka na kupima ardhi kwa vyombo vya angani kinapita Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi. Vikishakamilika vyote utajikuta umesimama uwanjani mwezi wa tatu ukitazama mawingu yamekaa juu ya Udzungwa. Leza haipenyi wingu. Kiangazi nacho kina moshi wake, maana ndipo wakulima na wafugaji wanapochoma nyasi. Ila kabla hujaandika barua ya kulalamika, kumbuka kwamba moto huohuo umekusafishia ardhi kuliko programu yoyote utakayonunua. Wachomaji hawatatajwa kwenye shukrani za ripoti yako.

Sasa kazi yenyewe. Mtambo hutuma mapigo ya leza mamia ya maelfu kwa sekunde, kila pigo likienda chini na kurudi. Ukiwa mita 1,000 juu, safari ya kwenda na kurudi huchukua chini ya sehemu saba za milioni moja ya sekunde, na kwa muda huo mtambo unajua umbali. Pigo moja likiangukia mti huweza kurudisha mwangwi zaidi ya mmoja: wa kwanza kutoka kileleni, mwingine kutoka tawini, na wa mwisho, Mungu akipenda, kutoka ardhini. Hapo ndipo leza inapoishinda picha ya droni. Picha huishia kwenye majani, lakini leza hutafuta matundu kati yake. Tanzania jambo hili limeshapimwa: mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti kutoka Norway walirusha leza juu ya msitu wa Amani, Usambara Mashariki, na kwenye miombo ya Liwale. Kwa data ya Amani walipunguza mapigo makusudi ili waone modeli ya ardhi itaanza kuharibika wapi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kama msitu ule mnene uliruhusu mapigo kadhaa kufika chini, mitiki ya Kilombero haitakushinda.

Kitakachokushinda ni nyasi.

Hili wageni hawaliamini. Wanafika wakiogopa miti mirefu, kumbe adui ni matete na mpunga. Mti wa mita 30 una nafasi kubwa kati ya kilele na ardhi, mtambo unatofautisha mwangwi wa juu na wa chini bila shida. Mpunga wa mita moja, umesongamana, hautoi nafasi hiyo. Mwangwi wa jani na mwangwi wa udongo hugongana na kuwa kitu kimoja, na kompyuta inaandika ardhi mahali ambapo kwa kweli ni katikati ya shina. Matete na miwa ni vivyo hivyo, tena zaidi. Matokeo yake, shamba zima linapanda juu sentimita kadhaa bila mtu kubeba hata karai moja la udongo. Kisha mhandisi wa mafuriko anaichukua modeli, anaimwagia maji ya kompyuta, na shamba linabaki kavu. Mwenye shamba, anayejua kwamba kila masika maji humfika magotini, ataonyeshwa ramani na kuambiwa asiwe na wasiwasi.

Baada ya kuruka una wingu la nukta mamilioni kwa mamilioni, na kila moja inatakiwa kupewa namba ya kundi. Ardhi ni 2, mimea mirefu 5, jengo 6, maji 9. Usizipange kwa mkono, utazeeka. Tumia kichujio. Mwaka 2000 Msweden mmoja, Axelsson, alipendekeza kuanza na nukta za chini kabisa, kuziunganisha kwa pembetatu, kisha kuongeza polepole zile zilizo karibu na wavu huo. Wachina wakaja na ubunifu wao mwaka 2016: geuza wingu lote kichwa chini miguu juu, kisha liangushie kitambaa cha kompyuta. Pale kitambaa kitakapotua ndipo ardhi. Kitambaa hicho kina kipimo cha ugumu: 3 kwa tambarare, 1 kwa milima mikali. Wewe weka 3 kwa bonde lote pamoja na Udzungwa, kwa sababu kubadili namba kunachosha. Kitambaa kigumu kitashindwa kujikunja kwenye majabali ya Sanje, na kompyuta itayahesabu kuwa si ardhi. Maporomoko yenye mita 170 yatapungua kimyakimya, na mtalii atakayekwenda huko atakuta hayajapungua.

Angalia pia nukta zilizoko chini ya ardhi. Zipo. Pigo likiruka kutoka bati hadi ukutani na kurudi, huchelewa, na mtambo hudhani lilikwenda mbali zaidi. Kichujio kinachoanza na nukta za chini kabisa kitaipenda hiyo kuliko zote, na ghafla katikati ya soko utakuwa na kisima ambacho hakuna aliyewahi kuchota.

Kisha utafika kwenye maswali ambayo programu haikufundishwa. Dungu la kulindia mpunga, lile la miti na makuti analokaa mama na watoto wakifukuza ndege, linafutika vizuri: nukta zake ziko juu, hewani. Dago la wavuvi pia. Lakini kichuguu? Kichuguu ni udongo mtupu, kimeota ardhini na kinabaki pale miaka. Kichujio kikiona kimejitokeza ghafla kwenye tambarare, kitakiita kichaka na kukifuta. Kwa kompyuta umesafisha uchafu. Kwa mwenye shamba umefuta sehemu pekee isiyozama, anakopanda mahindi na kuweka kuku maji yakija. Sheshe nao, swala wa bondeni, hutafuta sehemu zilizoinuka maji yakifika. Kwa hiyo amua: acha vichuguu ramani iwe na vipele, au vifute ipendeze. Nimeshaona ramani za kupendeza nyingi mno.

Mto nao. Leza ya kawaida humezwa na maji, hairudi. Utabaki na mashimo meusi pale ulipo mto Kilombero na mabwawa ya mkondo wa zamani, na programu itayaziba kwa pembetatu ndefu kutoka ukingo hadi ukingo. Sakafu ya mto haijapimwa. Kuipima kunahitaji mtumbwi na kipima kina, na mto ule una viboko na mamba. Waache waishi kwa amani, kazi yako ni ya ofisini. Tahadhari ni moja tu: mto usio na kina hufurika kwenye kompyuta mapema kuliko unavyofurika kweli, kwa hiyo wakikuuliza mbona Ifakara yote imezama mwezi wa kwanza, badili mada.

Sasa tuje kwenye reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na katika bonde hili inapita Kidatu, Mang'ula, Ifakara hadi Mlimba, mara nyingi juu ya tuta, ikikata vijito vinavyoshuka kutoka Udzungwa kwenda mtoni. Tuta ni udongo, kichujio kitaliacha, na kwa haki. Daraja si udongo, kitaliondoa, napo ni haki. Lakini kalavati, lile bomba la zege linalopitisha maji chini ya tuta, haliko popote. Kutoka angani halionekani, liko chini ya kifusi. Kwa hiyo modeli yako iliyochujwa kwa uangalifu imejenga bwawa refu kuliko mabwawa yote ya Tanzania, likianza Kidatu, na maji yote ya Udzungwa yamekwama nyuma ya reli. Upande wa pili, mashamba ni makavu.

Dawa inajulikana: toboa tuta. Unachora mstari pale kalavati lilipo na kuishusha ardhi ili maji ya kompyuta yapite. Swali ni lilipo wapi, na hapo mtaalamu makini hufungua Google Earth na kukisia. Asiye makini hupanda bodaboda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Morogoro?"

"Dar, mzee. Hivi maji ya masika yanapita wapi hapa?"

"Yanapita pale chini ya reli, makalavati mawili. Ila moja limeziba kwa mchanga. Tumeshasema, tumechoka. Sasa maji yanarudi kwetu."

Mazungumzo ya dakika mbili, na umepata kitu ambacho hakuna ndege ingekuletea: kwamba kalavati lipo, na kwamba halifanyi kazi. Usiyaandike, kwenye ripoti hakuna sehemu ya kuweka maneno ya mzee.

Umebaki na uhakiki. Hapa kuna ufundi wa hali ya juu. Sheria inataka ulinganishe modeli na vituo ulivyopima kwa miguu. Vipime vyote kwenye lami na kwenye kiwanja cha mpira kilichokanyagwa hadi kikawa kama sakafu. Kosa litatoka sentimita chache, utaliandika kwa herufi nzito ukurasa wa kwanza, na kila msomaji ataamini ndilo la bonde zima. Kwenye mpunga na matete usipeleke kifaa hata kwa bahati mbaya. Usisahau pia kutotaja urefu wako unaanzia wapi. Setilaiti hupima kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu, si usawa wa bahari, na nchini kwetu tofauti si ndogo: ukisimama ufukweni Kigamboni, namba ghafi itakuambia uko zaidi ya mita 20 chini ya bahari. Mhandisi akichanganya urefu wako na alama za zamani za upimaji, mfereji wake utapandisha maji mlima.

Halafu semina. Ramani ya rangi, kivuli cha jua kutoka kaskazini magharibi, kila mtu anapiga picha ya ukuta kwa simu. Soda, posho, picha ya pamoja. Halmashauri itakabidhiwa nakala ya PDF, na nukta zenyewe zitaondoka na diski ya mshauri.

Kwa hiyo wewe diwani au ofisa mipango utakayekaa kwenye kiti cha mbele, usipige makofi mapema. Omba faili la nukta zote, zilizochujwa na zisizochujwa, na liandikwe kwenye mkataba kabla ndege haijaruka. Kwa faili hilo, kijana yeyote wa Ifakara mwenye kompyuta ya kawaida na programu ya bure anaweza kurudisha vichuguu na kutoboa reli mahali panapostahili, bila kurusha ndege tena.