Mwili Umepungua, Kabati Halina Habari

Daktari aliyeniambia nipunguze uzito alikuwa mtu makini. Alinipimia ugali kwa ngumi yangu mwenyewe, akanikataza soda, chapati akazihamishia sikukuu, jioni akaniamuru nitembee hadi nitoke jasho. Kuhusu nguo hakusema neno. Nami sikuuliza, maana presha ilikuwa juu, na mwenye presha huitikia tu. Miezi ikapita, kilo zikaanza kuondoka, na kila iliyoondoka iliniachia deni.

Mwili wenyewe hupungua bure. Kutembea kutoka Buguruni hadi Ilala hakuna nauli, na chapati usiyoila ni hela iliyobaki mfukoni. Tatizo ni kwamba hela hiyohiyo ya chapati ilikuwa ikihamia kwa fundi cherehani kabla haijapoa.

La kwanza kunisaliti lilikuwa gagulo. Gauni likipwaya utaliona kwenye kioo, utajipanga. Gagulo linafanya mambo yake chini kwa chini, na lastiki yake haitoi taarifa. Langu lilichagua Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, mchana kweupe, mbele ya wauza vitenge. Likateleza kiunoni, likapita magoti, likatua kwenye vifundo vya miguu. Kuinama kulivuta ni kutangaza. Nikatoa mguu wa kwanza, nikatoa wa pili, nikaliacha palepale barabarani na kusonga mbele kwa madaha kama mgeni rasmi. Ningefika salama, ila kulikuwa na kijana mmoja aliyelelewa vizuri sana na mama yake. Alinikimbilia umbali mrefu, gagulo kalishika juu ili nisilikose: "Mama! Samahani mama, umeangusha!"

Nilimshukuru. Adabu ya namna hiyo inaadimika mjini.

Baada ya hapo nikawa mtu wa pini. Pini kiunoni, pini kwenye sidiria, pini ya akiba kwenye pochi. Pini ina tabia moja: inafunguka ukikaa, na inapenda zaidi kufunguka ukiwa kikaoni na bosi anaongea. Wenzangu walidhani ninachangia hoja.

Ndipo nikarudi kwa fundi wangu wa barazani, mzee ambaye cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu imenizidi umri. Ana msimamo mmoja: anabana, hakati. Nilimpelekea magauni matatu, nikamwambia, "Fundi, hicho kitambaa kinachozidi pembeni kata utupe."

Akanitazama juu ya miwani. "Mama, kitambaa kikishakatwa hakirudi. Wewe unaweza kurudi."

Nilinuna, lakini kiufundi mzee yuko sahihi, na kwa mtu mwenye bajeti ndogo hakuna fundi bora kuliko yule anayekutilia shaka. Matokeo yake, magauni yangu kwa nje ni ya mwanamke mwembamba kiasi, na kwa ndani, pande zote mbili, yamekunjiwa yule mwanamke wa zamani. Nikitembea joto la Februari nambeba.

Suruali ina mambo yake. Hubanwa kwenye mshono wa nyuma, katikati ya makalio. Ukibana mara ya kwanza haionekani. Ukirudia, mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana. Yangu ya kaki ilirudiwa hadi mifuko ikakutana, na sasa ni mfuko mmoja wenye milango miwili. Bega nalo ni balaa. Kiuno fundi anakibana kwa elfu tatu huku anapiga soga, lakini bega linataka mikono ifumuliwe, kitambaa kikatwe, mikono irudishiwe, na ukijumlisha unakuta hela hiyo ingekununulia gauni jingine soko la mitumba la Karume, na chenji ya maji ya kunywa.

Basi nikawa mwenyeji wa Karume. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kwelikweli, Marekani ikanuna, na mwaka 2018 ikaisimamishia nafasi ya kuingiza nguo zake huko bila ushuru. Sisi wengine tulikuwa tumesharudi nyuma kimyakimya. Viwanda vyetu vya nguo navionea uchungu, sikatai. Lakini mtu anayehama saizi moja kwenda nyingine kabla hajaizoea hawezi kununua vya dukani kila mara, na mimi kila asubuhi niliomba belo lifunguliwe. Soko lenyewe liliungua Januari 2022 likainuka tena, kwa hiyo azimio la kikao halikulitisha.

Karume huendi na gauni. Unakwenda na skintaiti na blauzi ya kubana, unajaribia nguo juu yake, katikati ya watu, huku mchuuzi akiapa kwamba ilikuwa inakusubiri wewe. Mchuuzi wa mitumba hajawahi kuona nguo isiyomtosha mteja. Ikibana, "itafunguka ukivaa". Ikipwaya, "ndiyo fasheni". Lebo usiiamini pia. Nguo ile ile iliyoandikwa 14 Uingereza ni 10 Marekani, na Ufaransa ni 42. Siku moja, kwenye meza ya buku buku, bila kutoka jasho wala kuruka chapati, nilipungua namba nne kwa kubadili bara tu. Nilifurahi hadi nikasahau kupunguziwa bei.

Nguo nzuri sikununua kipindi hicho, na huo ndio ushauri pekee ninaoweza kumpa mtu bure: saizi ya njiani haistahili zaidi ya buku mbili. Nyumbani niliishi kwa dera, vazi lisilomuuliza mtu kilo zake, na khanga. Khanga ilinifunga nikiwa mnene, ikanifunga nikipungua, tofauti ni mizunguko tu. Doti moja, na fundi hahusiki.

Harusi ndiyo iliyoniumbua. Kamati ilitupima sare mapema, kitenge cha rangi ya machungwa, fundi wao mwenyewe, mtu wa kukata na kutupa. Hadi siku ya siku inafika, sare ilikuwa imebaki palepale na mimi nimeshaondoka. Nilining'inia ndani yake ukumbini, na watu wakaanza kuja mmoja mmoja, sauti za chini. "Pole, dada." "Mungu ni mwema." Waliokua miaka ya tisini, kabla dawa za ARV hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, wanajua kukonda kulikuwa habari ya namna gani mtaani, na hofu ile haijatutoka. Nilipoeleza kwamba ni ugali kidogo na kutembea, walitikisa vichwa kwa huruma zaidi. Mgonjwa naye huwa ana maelezo. Mama mmoja mtu mzima, simfahamu mpaka leo, alinibana mkononi noti ya elfu kumi, akaninong'oneza: "Ya matunda, mwanangu."

Nilijaribu kuirudisha. Akakataa huku machozi yanamlenga. Kesho yake noti ilikwenda kwa fundi wangu, ikabana sare, suruali moja na sketi ya kazini. Matunda yalisubiri.

Yale magauni makubwa kabisa, ambayo hata kwa kukunja hayakuwa na tiba, niliyafunga kwenye khanga nikampelekea shangazi yangu Mbagala. Aliyapokea kwa mikono miwili, akayajaribu yote, akayasifia. Kisha akayapanga sandukuni. "Nakutunzia tu," akasema. Naye amekula njama na fundi.

Juzi kanipigia simu. Nilidhani anataka kujua hali.

"Nasikia bado unapungua," akasema.

"Ndiyo, shangazi. Namshukuru Mungu."

"Haya. Basi yale ya katikati usimpe mtu. Binti yangu ana mahafali mwezi ujao, na lile la bluu atalipenda. Wewe ongeza kutembea kidogo."