Jinsi ya Kuachwa na Basi Mpakani

Ndugu msafiri, wengi huachwa na basi kwa bahati mbaya tu, bila mpango wowote. Mwongozo huu, uliotungwa kwa ajili ya wasafiri wa nchi za Maziwa Makuu, utakuwezesha kuachwa kwa uhakika. Fuata kanuni zake moja baada ya nyingine.

Kanuni ya kwanza: liamini jua. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa, au digrii 1 kila dakika 4. Sasa, Kigoma iko digrii 29.6 mashariki ya Greenwich, na Bujumbura 29.4. Jua likifika utosini Kigoma, dakika moja baadaye liko utosini Bujumbura. Kwa nini basi uisumbue saa yako? Burundi imeamua kuwa saa mbili mbele ya Greenwich na Tanzania saa tatu, lakini hayo ni ya serikali, jua la miji hiyo miwili ni moja.

Kanuni ya pili: iamini ramani. Kila mtoto wa shule anajua kwamba wa mashariki hutangulia kuliona jua. Kigali iko mashariki kidogo ya Kigoma, hivyo lazima saa zake ziwe mbele. Kwa kweli ziko nyuma kwa saa nzima. Ukibishana na karani wa tiketi, mfafanulie longitudo taratibu.

Kanuni ya tatu: usiulize mstari wa longitudo umepita wapi. Mkutano wa Washington wa mwaka 1884 uliichagua Greenwich kuwa digrii sifuri. Baada ya hapo kila nchi ikajichagulia saa. Saa za Afrika Mashariki ni za mstari wa digrii 45, ambao haugusi Tanzania, Kenya wala Uganda. Unapita karibu na Mogadishu. Ndiyo maana Dar es Salaam jua huchelewa kufika juu kwa wastani wa dakika 23, na Kigoma kwa saa nzima. Mtu wa Kigoma akiambiwa ni saa sita mchana, jua lake bado liko njiani.

Kanuni ya nne: dhani kwamba nchi moja ina saa moja. Kwa China utapatia: nchi nzima hufuata saa za Beijing, na huko Kashgar, magharibi kabisa, jua hufika juu karibu saa tisa alasiri. Ukifurahia hilo, nenda Kongo. Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko saa moja mbele ya Kinshasa, na mkutano wa simu uliopangwa bila kutaja mji utawakuta nusu ya wajumbe wakinywa chai.

Kanuni ya tano: iachie simu kila kitu. Karibu na mpaka inaweza kunasa mtandao wa jirani na kubadili saa kabla wewe hujavuka, kisha ikarudi ilikotoka ukiwa umelala.

Zingatia pia uelekeo. Ukienda Kigali na saa ya Dar es Salaam mkononi, utawahi kwa saa nzima na kuikalia mizigo yako stendi. Huko ni kufeli. Shabaha yetu hupatikana ukirudi mashariki. Vuka mpaka wa Rusumo kuingia Tanzania na saa ya Kigali: mkononi itakuwa saa mbili kamili, nawe utaagiza supu na chapati, wakati basi la saa tatu linaondoka.

Asiyetaka haya yote ana kazi mbili tu. Akigongewa muhuri wa kuingia, arekebishe saa yake hapo hapo dirishani. Na akipanga miadi na mtu wa nchi nyingine, aandike saa pamoja na jina la mji. Jua halikati tiketi. Anayekata tiketi hufuata saa za serikali yake.