Sifa za Mchanga

Washairi wameisifu minazi ya Pwani hadi ikainama kwa haya. Bahari imesifiwa, mwezi umesifiwa, hata ngalawa zinazovuja zimetungiwa tenzi. Mchanga haujapata hata ubeti mmoja, ilhali ndio hasa anaoufuata mtu wa Nairobi anapopakia watoto kwenye treni. Mimi niliufuata Agosti 2020. Rais alikuwa amefungua tarehe 7 Julai njia za kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa, zilizokuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, treni ya abiria ikaanza tena wiki iliyofuata, shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, na wanangu wawili walikuwa wamekwisha kuchora kila ukuta wa nyumba. Tukateremka Miritini, tukachukua gari hadi hoteli moja kaskazini mwa Mombasa. Mpaka leo mchanga wa kule hautoki kwenye zipu za mabegi, kwa hiyo nina kila haki ya kuusemea.

Kwa nasaba hauna mpinzani. Mchanga wetu mweupe ni matumbawe na magamba yaliyosagika, na msagaji mmoja mashuhuri ni pono, samaki anayeguguna tumbawe kwa meno yake yaliyoungana, akalimeza, akalisaga, kisha akalitoa kwa nyuma. Pono mkubwa aweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Kwa hiyo lile kasri alilojenga mwanangu mkubwa, na lile gao alilokula mdogo wake kabla sijamfikia, vyote vilipitia kwanza tumboni mwa samaki. Sijui ukoo mwingine uliotokea huko ukapigwa picha nyingi hivyo.

Una fadhila nyingine ndogondogo: hauozi, haung'ati, hauombi bakshishi. Tuziache. Fadhila yake kuu ni kwamba hauna upendeleo.

Jambo hili nililichunguza kwa makini, maana kazi yangu kutwa ilikuwa kukung'uta. Ulimwingia mdogo kwenye nepi na mkubwa masikioni, kwa kipimo kile kile. Uliingia kwenye wali wa nazi na kwenye mswaki. Upepo wa kusi, ambao Agosti haujui kupumzika, uliugawa kwa kila meza bila kuuliza nani amelipia chumba cha kutazama bahari na nani amepangwa kule nyuma karibu na jenereta (sisi). Baba yao aliukuta ndani ya saa yake, saa ambayo aliyemuuzia aliapa haipitishi hata maji. Ukipaka sanitaiza juu ya kiganja chenye mchanga unapata msasa, na kwa kuwa kila mlangoni ilikuwa lazima kupaka, nashangaa tulirudi nyumbani na alama za vidole. Saa tatu usiku kafyu ilipoanza na taifa likajifungia, mchanga uliendelea na mizunguko yake: saa sita ulikuwa kwenye shuka, saa nane umefika mtoni, na hakuna polisi aliyeudai kibali cha huduma muhimu.

Na barakoa je? Barakoa ya mtoto wa miaka mitatu huanguka mchangani, huokotwa, hukung'utwa, huvalishwa, hupigwa chafya, huanguka. Mwezi ule ule Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba watoto wa miaka mitano kushuka chini wasilazimishwe kuvaa. Mwongozo ulienea duniani kote isipokuwa kwenye geti letu. "Mama, sheria ni sheria," askari aliniambia, barakoa yake mwenyewe ikiwa imemkalia kidevuni. Kisha akatuelekezea kibunduki cha kupima joto. Mimi 33.2. Mtoto 32.8. Kwa joto hilo tulistahili kulazwa sote, lakini yeye alituambia, "Mko sawa kabisa, karibuni," akaandika namba hizo kwenye daftari ambalo naamini hakuna binadamu aliyewahi kulisoma.

Samahani. Nilikuwa nikiusifu mchanga.

Nilisema hauna upendeleo. Msimu huo makanisa na misikiti ilikuwa wazi kwa watu wasiozidi 100, kwa saa moja, na kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 58 tu. Yaani wanangu na bibi yao walikuwa hatari mbele za Mungu, lakini mbele ya keshia wa hoteli walikuwa salama. Wanasiasa nao waliendelea kuchomoza kwenye paa za magari na kuhutubia umati, barakoa zikiwa mifukoni. Mchanga haujui umri wala cheo.

Ndiyo maana ile kamba ilinikera. Eneo la hoteli liliishia kwenye kamba. Upande huu sisi, tukichimba na kurushiana. Upande ule ufuo wa umma, umefungwa kwa ajili ya korona, na nyuma yake vijana wa kukodisha chubu na mama wa viazi karai, wasiouza kitu tangu Machi. Mtoto wa Kisauni akisogea anaonyeshwa rungu. Wangu, aliyetoka Nairobi, ambako korona ilikuwa imetamalaki, anapewa ndoo na koleo. Mchanga ulikuwa ule ule, wa pono yule yule, ukipita chini ya kamba unavyotaka.

Nilimfuata meneja mapokezi. Alisema agizo limetoka juu, nalo linahusu ufuo wa umma. Huu ni wa hoteli. Nikafungua simu nikamsomea Katiba, Kifungu cha 62, kinachosema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akachukua kibunduki juu ya kaunta, akakielekeza kwenye paji la uso wangu. 33.4. Alikitazama kwa masikitiko, akapima tena.