Shule Imetua Mzigo, Mji Umeubeba

Mwaka 2013 bodi ya elimu ya Chicago ilipiga kura kufunga shule zipatazo 50, eti wanafunzi wachache, majengo mzigo. Haya. Shule ya Stewart, upande wa kaskazini, ilipata mnunuzi ikawa nyumba za kupanga za kifahari. Palipofundishwa hesabu, sasa hesabu ni ya kodi. Upande wa kusini na magharibi, kwenye mitaa ya watu weusi, majengo mengi yalikaa miaka bila mnunuzi, yakitunzwa na walipa kodi (ile kodi nyingine). Mtasema jengo lenye watoto wachache nalo ni hasara. Kweli, ila hili lililofungwa halina hata mmoja na gharama ipo palepale: mpishi kafukuzwa, kuni bado zinanunuliwa. Basi majengo yapangishwe? Mpangaji naye huuliza mtaa kwanza, na mtaa wenyewe ndio uliopokonywa shule.