Mlango Usiobagua

Mlango wa kugundua metali kwenye uwanja wa ndege hutoa mawimbi ya sumaku, na chochote kinachopitisha umeme kikiyavuruga, hulia. Bangili ya bibi na bastola ya mtekaji kwake ni sawasawa. Ajabu ni kwamba abiria huupima kwa kelele: ukivuliwa mkanda mara mbili, unajiona salama zaidi. Lakini kulia si kukamata. Desemba 25, 2009, Umar Farouk Abdulmutallab alipanda ndege ya Amsterdam kwenda Detroit na vilipuzi ndani ya chupi. Mlango ulinyamaza kwa adabu zote, kwa kuwa vilipuzi vile si metali.

Watetezi watasema kwamba Marekani ilipolazimisha abiria wote wakaguliwe mwaka 1973, utekaji wa ndege ulipungua sana. Kweli, maana watekaji wa enzi hizo walikuwa waungwana wa kubeba bastola. Kipimo cha haki ni kutuma wapelelezi wenye silaha bandia na kuhesabu wanaopenya. Marekani ilifanya hivyo, na matokeo ya ukaguzi mzima, pamoja na mashine na watu wake, yakavuja mwaka 2015: majaribio 67 kati ya 70 yalipenya. Mkanda wako, hata hivyo, hawajawahi kuukosa.