Heko kwa "Round"

Mtoto wa Kamachumu, Muleba, hulelewa kwa Kihaya, husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hukabidhiwa baiolojia kwa Kiingereza. Mpango mzuri ajabu! Mgomba anaoupalilia tangu utotoni ungemzoea mno kama angeelezwa kwa lugha anayoielewa jinsi unavyojitengenezea chakula.

Lakini aanze kwanza na neno la Kiingereza "round": nomino, kivumishi, kielezi, kihusishi, hata kitenzi. Neno moja, kazi tano. Mwenyekiti wa kamati ya harusi hajafikia vyeo hivyo.

Kiswahili nacho kina shughuli zake. SADC iliifanya lugha hii kuwa rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukaiajiri 2022, na UNESCO imeitengea Julai 7. Kwa ratiba hiyo, itapata wapi nafasi ya kufundisha usanisinuru Muleba?