Dakika za Ukungu

Juu ya Naro Moru, mteremkoni mwa Mlima Kenya, pale msitu unapoachia kiwanja cha nyasi, kuna gogo la mwerezi lililolala kando ya mstari wa pembeni. Ubavuni lina kuvu na magome, lakini mgongo wake unang'aa hata mnyama akiinama anaona sura yake. Hakuna aliyelipaka mafuta. Ni makalio ya watoto, msimu baada ya msimu, wakisugua benchi huku wenzao wakicheza.

Aliyelisugua kuliko wote alikuwa mtoto wa pongo aitwaye Desemba.

Pongo wa huko huwaita watoto wao kwa miezi waliyozaliwa, na desturi hiyo haikumdhuru mtu mpaka klabu ya mpira ilipoanzishwa. Kamati iliamua, kama waamuavyo wanadamu na FIFA yao, kwamba mwaka wa mchezaji uanze tarehe 1 Januari. Kwa hesabu hiyo Desemba na binamu yake Januari wakawa rika moja. Majaribio yalifanyika Aprili ya mwaka uliofuata, katikati ya mvua ndefu. Januari alikuwa na miezi 15 na vipembe vimeshachomoza. Desemba alikuwa na miezi 4, bado ananyonya kwa kujificha.

Kocha Nyani akawapanga mstari, akawaamuru wakimbie hadi ukingo wa msitu na kurudi. Binamu wawili wale walipishana njiani, mmoja akirudi, mwingine akienda. Nyani, ambaye ukocha wake aliusomea kwa siku 3 akichungulia dirisha la ukumbi wa hoteli moja ya Nanyuki, akaandika kwenye gome: Januari, kipaji. Desemba, tutaona.

Kipaji kikapewa winga ya kulia, na mazoezi ya Jumanne na Alhamisi na kocha mwenyewe. Yule wa tutaona akapewa kazi ya kuokota mipira inayotoka. Kufikia mwisho wa Mei, Januari alikuwa mchezaji bora kweli, na hapo namwonea Nyani huruma kidogo, maana hakusema uongo. Kila alipotazama aliona Januari anajua afanyalo na Desemba hajui hata pa kusimama. Angejuaje pa kusimama, naye siku zote ni wa kukaa?

Si kwamba kila namba kikosini ilitoka kwenye yale majaribio. Ada ya klabu ililipwa kwa chumvi, mabonge kutoka kwenye udongo wa chumvi ambao wanyama wa mlima huu huulamba usiku, na njia ya kwendea huko ilipita kwa Mwenyekiti Nyati. Mwanawe alicheza beki wa kati kwa sababu hakuna aliyeweza kumsogeza, hata pale mchezo ulipomtaka asogee.

Mshambuliaji wa kati alikuwa Pimbi, kwa kuwa ni ndugu wa Tembo. Mtacheka, lakini undugu huo ni wa kweli. Wataalamu wanasema pimbi na tembo wana babu mmoja wa kale sana. Tembo ndiye aliyekuwa mfadhili, na siku ya kujiandikisha Pimbi alifika na ukoo wote umeandikwa kwenye jani. Tembo mwenyewe hakuwa na habari. Siku moja alipita uwanjani akielekea mtoni, nusura amkanyage huyo ndugu yake. Nyani akawaambia wazazi kwamba mfadhili amekuja kumtazama mshambuliaji kwa karibu.

Namba 10 ilikuwa ya Bongo kutoka Florida. Mababu zake walikamatwa kwenye milima yetu hii miaka ya 1960 na 1970, wakapelekwa kwenye bustani za wanyama za ng'ambo. Februari 2025 bongo 17 wa uzao huo wakarudishwa kwa ndege na kupelekwa kwenye hifadhi ya msitu upande wa Meru. Huyu mmoja, sijui alipitaje, akaonekana Naro Moru, na Nyani akampa jezi kabla hajauona mpira, akitangaza kwamba kijana amekulia kwenye mazingira ya kitaalamu. Mtoto mwenyewe alikuwa mpole sana. Alichokuwa akikitafuta siku zote ni mahali penye jua.

Akina mama wa gogo wakaitisha mkutano.

"Mwalimu," akaanza Mama Desemba, "mimi nimelipa chumvi ileile aliyolipa Baba Januari. Mtoto wangu nimemlipia akae?"

"Mama Desemba, mpira hauna huruma," Nyani akajibu. "Hapa anacheza anayejua."

"Na anayejua alijulia wapi?" akauliza Guka Kobe, mzee wa Laikipia, aliyeanza safari ya kuja mkutano huu siku ya mkutano uliopita.

Kukawa kimya. Kisha mama wa funo akasema kwamba Mbayuwayu, kabla ya kurudi Ulaya Aprili, alikuwa ametua kwenye waya za stima akasimulia mambo ya Norwe. Kule, alisema, chama cha michezo kina kanuni za haki za watoto: walio chini ya miaka 11 hawatengenezewi jedwali la nani wa kwanza na nani wa mwisho, na ubingwa wa taifa hauchezwi na aliye chini ya miaka 13. Mwenyekiti Nyati akacheka mpaka viroboto wakamruka. "Wale wana mafuta baharini," akasema. "Mwenye mafuta anaweza kumchezesha yeyote."

Kunguru naye akaleta malalamiko yake. Yeye hula jalalani Nairobi, na tangu 1987 watoto wa Mathare wamemnyang'anya riziki. Kuna chama chao, MYSA, ambako timu hupata alama za ligi si kwa kushinda mechi tu bali pia kwa kuzoa taka mtaani. "Mtoto asiyejua hata kupiga kona," Kunguru akalia, "anakuja na toroli, anaondoka na chakula changu, na timu yake inapanda kwenye ligi!" Aliwaletea jambo hilo ili walishutumu. Akina mama walilisikiliza kwa namna nyingine kabisa, na Guka Kobe akataka lijadiliwe. Nyati akamjibu kwamba klabu haiwezi kuiga mambo ya Nairobi, wala ya wale wanadamu wa Nyeri mjini ambao ukarabati wa uwanja wao wa Ruring'u ulikwama miaka na miaka.

Hata hivyo chumvi ya akina mama wa gogo ilikuwa nyingi, na mweka hazina Nguruwe-mwitu alimkanyaga Nyati mguu chini ya meza. Ikapitishwa kanuni: kila mtoto aliyelipa ada atacheza nusu ya mechi. Katibu Kinyonga akaiandika. Akina mama wakapiga vigelegele vilivyosikika Kiganjo.

Sasa anayeijua Naro Moru anajua tabia ya mlima. Asubuhi ni kweupe, unaviona vilele vya Batian na Nelion na barafu yake iliyobaki. Saa sita ikikaribia, ukungu unaanza kuteremka bondeni, na baada ya hapo huoni pua yako. Mechi za klabu zilianza saa tano unusu. Kipindi cha kwanza kikapewa kikosi cha Januari. Kipindi cha pili kikapewa watoto wa gogo.

Dakika 30 kwa 30. Hakuna aliyevunja kanuni. Wakati wa mapumziko watazamaji walikuwa wakiondoka, maana hakuna cha kutazama, na Nyani akijikunyata chini ya mti akila mahindi yake ya kuchoma ambayo wakulima wa Mweiga hadi leo wanayatafuta. Filimbi aliipuliza kwa kukisia. Kwenye kumbukumbu za Kinyonga, Desemba na Januari walikuwa sawa kwa sawa.

Lakini ukungu wa mlima una mambo yake. Mpira wa klabu ulikuwa wa mifuko ya nailoni, ile ya kabla ya marufuku ya Agosti 2017, ambayo sasa ni mali adimu. Ukilowa huwa mzito, na ukigongwa kwa ubavu wa kwato hutoa mlio mnene. Ukigongwa kwa ncha, mlio ni mkali na majani hurushwa pamoja nao. Wiki ya kwanza watoto wa gogo waligongana vichwa. Wiki ya pili Desemba akaanza kujua, kwa mlio tu, mpira umepigwa na nani na unakwenda wapi. Pasi ndefu hazikuwa na maana, wakapiga fupi. Pongo hubweka, kwa hiyo wakapatana: Desemba akibweka mara moja, nipe, akibweka mara mbili, usinipe, nimebanwa. Funo mdogo alijua mstari wa pembeni kwa ladha ya nyasi, kwa kuwa kule pembeni nyasi hazikuwa zimekanyagwa. Golikipa wao, kicheche, alijua amefika golini akisikia harufu ya mlingoti alioutia alama mwenyewe. Hakuna kocha aliyewafundisha hayo, na hakuna aliyewaona wakiyafanya.

Julai wakaja wageni kutoka msitu wa Ngare Ndare. Walipita chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru kwa lile pito lililochimbiwa tembo, lililofunguliwa mwaka 2011, wakafika wamechangamka, wakiimba. Siku hiyo mlima ulikasirika mapema. Saa nne tayari ukungu ulikuwa umelala uwanjani, na Julai ya Nyeri inajulikana. Ukikaa hakuna wa kuuondoa.

Kikosi cha kwanza kikaingia. Pimbi alikimbilia goli la upande gani hakuna ajuaye mpaka leo. Mtoto wa Nyati aliupiga mwerezi kichwa akidai ni kona. Januari, ambaye mbio zake zote zilitegemea kuona pa kukimbilia, alisimama katikati akiita, "Mwalimu! Mwalimu!" Bongo alipatikana wakati wa mapumziko, ameegemea nyuma ya goli, amelala. Wageni, ambao nao hawakuona chochote ila walikuwa wengi upande mmoja, walikuwa wamefunga mabao 3.

Kisha zamu ya gogo. Kilichosikika ni kubweka mara moja, mlio mnene, kubweka mara mbili, mlio mnene, mlio mkali, na wavu. Mara 4. Wageni wenyewe walikubali matokeo, wakapeana mikono na wenyeji kwa kupapasa, wakaenda zao.

Kamati ilikaa jioni hiyohiyo. Nyani alitoa taarifa kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya na kwamba yeye kama mtaalamu hawezi kutathmini asichokiona. Kinyonga, ambaye siku nzima alikuwa wa kijivu, akaandika: mechi haikuonekana, hivyo haihesabiki.

Mama Desemba akasimama. "Katibu, kama mchezo wa ukunguni hauhesabiki, hizo dakika za ukunguni mlizompa mwanangu tangu kanuni ipitishwe zinahesabikaje?"

Kinyonga akamtazama kwa jicho moja, huku lile la pili likimtazama Mwenyekiti. "Dakika zinahesabika," akasema. "Mabao ndiyo hayahesabiki."

Pengine mambo yangebaki hivyo, ila mke wa Mwenyekiti alikuwa na mimba, na wakunga walimtajia Novemba. Nyati hakuwa mjinga. Alikuwa ameona klabuni kwake watoto wa Januari na wa Novemba wanavyokwenda, na pindi alipohesabu kwa kwato zake, akaitisha kikao cha dharura. Ajenda ilikuwa moja, kuioanisha kalenda ya klabu na majira ya mvua fupi, kwa heshima ya mila zetu. Tangu hapo mwaka wa mchezaji ukaanza tarehe 1 Novemba. Ndama akazaliwa tarehe 3. Pongezi zikatolewa, na chumvi ikalambwa.

Aprili majaribio yakafanyika tena, mvua ileile, mbio zilezile za hadi ukingo wa msitu. Januari sasa alikuwa amesukumwa rika la juu, pamoja na wakubwa waliozaliwa Novemba na Desemba kabla yake. Alirudi wa nne. Nyani akasikitika, akasema vipaji vingine huchanua mapema na kunyauka mapema. Baba Januari akaanza kuulizia habari za ile kanuni ya nusu mechi.

Kwenye rika la chini, kwa kalenda mpya, mkubwa kuliko wote alikuwa pongo mmoja mwenye miezi 16. Alikwenda ukingoni akarudi, akipishana njiani na binamu yake wa miezi 6 aitwaye Oktoba. Nyani akaacha kutafuna.

"Huyu alikuwa wapi?" akauliza. Akaandika kwenye gome: Desemba, kipaji. Winga ya kulia. Kipindi cha kwanza.

Jioni, Mama Oktoba akapanda hadi kwa Mama Desemba. Alikuwa amesikia kwamba yeye ndiye aliyeongoza akina mama mwaka uliopita, akamwomba waitishe mkutano mwingine. Mama Desemba alimkaribisha vizuri, akamkatia nyasi laini, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Oktoba," akasema, "mimi naona tumwachie mwalimu afanye kazi yake. Mpira hauna huruma."